Daraja la mtandao: usifukie mto kabla ya kujua nani anaishi ng'ambo

Najua nimekuwa kimya. Safari hii sina kisingizio cha kazi nyingi wala stima kupotea. Nilikuwa naona aibu tu, maana nilichokifanya kwenye ploti yetu hapa Nairobi si jambo la kufanywa na mtu anayejiita mtengenezaji wa programu. Lakini aibu ikifungiwa ndani huoza, kwa hiyo nimeamua kuitoa hapa. Pamoja nayo nitatoa maoni yangu kuhusu kitu kidogo kilichomo kwenye karibu kila kompyuta ya nyumbani: daraja la mtandao.

Nianze na kisa chenyewe.

Ploti yetu ina intaneti moja ya kugawana. Ruta iko chini, karibu na mita za stima, na pembeni yake kuna swichi inayopeleka waya kwa kila nyumba. Nyumba yangu ina soketi mbili za mtandao, moja sebuleni na nyingine chumbani. Zote mbili zinaishia kwenye swichi ile ile ya chini. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Wakati wa likizo mtoto wetu alirudi kutoka shule ya bweni, nikamtolea kompyuta moja kuukuu isiyo na Wi-Fi. Nikaiweka sebuleni kando ya yangu ya kazi. Soketi ya pale ilikuwa tayari imekaliwa, ila kompyuta yangu ina kadi mbili za mtandao. Basi nikatengeneza daraja kwenye Linux: kadi ya kwanza ukutani, kadi ya pili kwa kompyuta ya mtoto. Haikuchukua hata dakika tano. Akapata intaneti, nikajipongeza. Likizo ikaisha, mtoto akarudi shuleni, kompyuta yake ikarudi juu ya kabati. Daraja likabaki.

Majuma kadhaa baadaye, Jumapili jioni, nikaiona kadi ile ya pili imekaa bure. Soketi ya chumbani nayo imekaa bure. Nikawaza kama mtoto: waya mbili, kasi mara mbili! Nikavuta kebo ndefu kutoka chumbani, nikaichomeka. Intaneti ikafa papo hapo. Nikawalaumu wanaotuuzia intaneti, kama kawaida yetu sote, nikaenda jikoni kupika chai.

Baada ya saa nzima hivi, hodi mlangoni. Alikuwa dada wa ghorofa ya tatu, ambaye kazi yake ni kusikiliza rekodi za sauti za wateja wa nje na kuziandika.

"Jirani, kwako intaneti iko?"

"Hakuna. Kwani na kwako?"

"Ploti nzima imekufa. Nina faili la kutuma kabla ya saa nne, na bando imeniishia nikijaribu."

Nikampa simu yangu atumie, lakini faili lilikuwa kubwa na mtandao wa simu ndani ya jengo letu unakohoa. Mimi nikateremka na msimamizi wa ploti kuangalia. Taa zote za swichi zilikuwa zinawaka na kuzima kwa pamoja, kasi sana, kama jengo zima linapakua filamu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipanda ngazi mbilimbili, nikang'oa ile kebo ya chumbani, intaneti ikarudi kabla sijasimama wima. Ilikuwa imetimia saa nne na dakika kumi.

Mteja hakukubali kazi iliyochelewa. Siku mbili za kazi ya yule dada zilikwenda na maji kwa sababu ya waya wangu mmoja.

Sasa tujiulize: ni nini hasa kilichotokea?

Mimi naona shida inaanza na neno lenyewe. Tukisikia daraja, tunawaza Daraja la Nyali kule Mombasa. Unavuka kutoka kisiwani, unafika Nyali. Daraja limeunganisha pande mbili, lakini kisiwa ni kisiwa na Nyali ni Nyali. Maji bado yapo chini. Daraja la mtandao halifanyi hivyo hata kidogo. Daraja la mtandao linaufukia mto. Ukishalitengeneza, pande mbili haziko tena. Kuna kijiji kimoja, na kila anayepiga kelele upande huu anasikika upande ule.

Tuangalie kazi yake kwa ndani. Kila kadi ya mtandao ina anwani yake ya biti 48, ambayo kwa kawaida hupewa na kiwanda. Hii si anwani ya IP. Ni kama jina la mtu, wakati IP ni kama namba ya nyumba anayokaa sasa. Kompyuta yenye daraja inasikiliza kadi zake zote, na kila fremu inapoingia, inaandika kwenye daftari: mwenye jina hili yuko upande wa kadi hii. Baadaye fremu ya huyo mtu ikija, inafungua daftari na kuipeleka upande unaostahili. Asiyeonekana kwa muda anafutwa. Kwenye Linux muda huo kwa kawaida ni sekunde 300. Na ikiwa fremu ni ya mtu asiyejulikana, au ni tangazo la watu wote, daraja linaisambaza pande zote isipokuwa lilikotoka.

Basi ni hayo tu! Kwa maneno mengine, kompyuta yako imegeuka kuwa swichi. Haisomi anwani za IP za wapitao, haihesabu, haiulizi mtu anakwenda wapi. Ndiyo maana ile kompyuta ya mtoto ilipewa anwani na ruta ya chini moja kwa moja, kana kwamba imechomekwa ukutani. Ruta haikujua kwamba kuna kompyuta yangu katikati.

Linganisha na jambo jingine ambalo watu wengi hulichanganya na daraja, yaani kushiriki intaneti. Windows ina chaguo la namna hiyo, na simu yako hufanya kitu kama hicho unapowasha hotispoti. Hapo kompyuta yako inakuwa kama ploti yenye geti moja na soja. Wa ndani wanapewa anwani zao za ndani (kwenye Windows za siku hizi utaziona zikianza na 192.168.137). Mtu akitaka kutoka, soja anaandika nani ametoka na amekwenda wapi, na jibu likirudi analipeleka kwenye mlango wake. Mgeni ambaye hakuitwa na mtu wa ndani anaishia getini. Mto upo palepale. Mmewekewa kivuko tu.

Kwa hiyo ni mambo mawili tofauti kabisa. Lakini angalia jinsi kompyuta inavyoyaleta mbele yetu. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, ukifungua orodha ya miunganisho ya mtandao, ukachagua miwili, ukabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unaona maneno "Bridge Connections". Unabofya, kwisha. Hakuna anayekuuliza unataka kufanya nini. Ukijaribu kutumia muunganisho ambao tayari unashirikiwa, Windows inakataa na kukuambia uchague mingine isiyoshirikiwa. Ni sahihi kukataa, kwa sababu huwezi kuweka soja kwenye geti na papo hapo kuubomoa ukuta wake. Ila haikuelezi hivyo. Inakuacha ukikuna kichwa.

Na Linux tunayoisifu kila siku? Inatupa kamba ndefu zaidi ya kujinyongea. Hapa ndipo nilipojinyongea mimi.

Pakiti ya IP ina kihesabio cha uhai. Kwenye Linux kwa kawaida kinaanzia 64, kwenye Windows 128. Kila ruta inayoipitisha inapunguza moja, na kikifika sifuri pakiti inatupwa. Kwa hiyo hata njia zikikosewa na pakiti ikazunguka, mwishowe itakufa. Fremu ya Ethernet haina kihesabio hicho. Ikipata njia ya mviringo, itazunguka mpaka mtu ang'oe waya au kifaa kizidiwe.

Nilipochomeka kebo ya chumbani, niliutengeneza mviringo huo kwa mikono yangu. Tangazo moja linatoka kwenye swichi ya chini, linapanda kwa soketi ya sebuleni, linaingia kadi ya kwanza. Daraja linasema, "tangazo hili ni la wote," linalitoa kwa kadi ya pili. Linateremka kwa soketi ya chumbani mpaka swichi ile ile. Swichi nayo inasema, "tangazo hili ni la wote," inalipeleka kwenye kila nyumba, pamoja na sebuleni kwangu. Linapanda tena. Na matangazo hayakosekani: kila simu inayojiunga inatangaza, kila kompyuta inayomtafuta jirani yake inatangaza. Kila moja likawa linazunguka bila kufa, mengine yakiongezeka juu yake, hadi nyaya zikajaa uvumi mtupu na faili la yule dada likakosa pa kupita.

La kuumiza ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani. Radia Perlman, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alichapisha kanuni yake mwaka 1985. Madaraja yanatumiana ujumbe mfupi, yanachagua moja liwe mzizi, kisha yanafunga kila njia inayoleta mviringo, hadi ibaki kama mti wenye matawi yasiyokutana tena. Njia ikikatika, ile iliyofungwa inafunguliwa. Kanuni hiyo iliingizwa katika kiwango cha IEEE 802.1D mwaka 1990. Perlman hata aliiandikia shairi fupi la kuieleza. Sisi watu wa mashairi tulipaswa kumfahamu zamani!

Linux inaijua kanuni hiyo. Lakini ukitengeneza daraja kwa amri ya kawaida, imezimwa. Unapaswa kuiwasha mwenyewe:

ip link set br0 type bridge stp_state 1

Mstari mmoja. Ningeuandika, daraja langu lingesikia ujumbe wake lenyewe ukirudi kupitia mlango wa pili, na lingeufunga mlango mmoja. Ukiiwasha, usishtuke daraja likikaa kama sekunde 30 kabla ya kupitisha chochote. Linasikiliza kwa sekunde 15, linajifunza kwa nyingine 15. Subira yavuta heri.

Kabla sijasahau, kuna kundi la wasomaji ambao wamejaribu daraja na halikufanya kazi kabisa, wakadhani kompyuta zao ni mbovu. Nadhani wengi wao walijaribu kuunganisha Wi-Fi na kebo. Wi-Fi ina tabia yake. Laptopu yako ikijiunga, kituo cha Wi-Fi kinaijua kwa anwani ya kadi yake, na kinakubali fremu za aliyejisajili tu. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kati ya laptopu na kituo ina nafasi ya anwani tatu: laptopu, kituo, na mtu wa tatu upande wa pili. Sasa wewe unataka kumbeba mtu mwingine mgongoni na kumpitisha kwa jina lake. Nafasi ya nne inahitajika, na kituo cha kawaida cha nyumbani hakiitegemei. Linux inakataa kabisa kuiweka kadi ya Wi-Fi ya namna hiyo ndani ya daraja. Programu nyingine, kama VirtualBox, zinatumia ujanja: zinabadilisha majina njiani ili kila mtu aonekane ni laptopu yako. Wakati mwingine inafaulu, wakati mwingine haifaulu. Ushauri wangu ni mfupi: ikiwa upande mmoja ni Wi-Fi, shiriki intaneti, usijenge daraja.

Je, ninasema daraja ni baya? La hasha! Mimi hulitumia kila siku. Nikitengeneza tovuti, huwa naiendesha ndani ya kompyuta dhahania. VirtualBox kwa kawaida huiweka nyuma ya soja: kompyuta dhahania inapewa 10.0.2.15 na inafika intaneti vizuri, lakini simu yangu haiwezi kuifikia ili nione tovuti inavyokaa kwenye kioo kidogo. Nikibadili na kuchagua daraja, kompyuta dhahania inapiga hodi kwa ruta, inapewa anwani yake, na simu yangu inaiona kama jirani wa kweli. Hapo nataka mto ufukiwe. Nataka wawe kijiji kimoja.

Lakini angalia upande wa pili wa kuwa kijiji kimoja. Nikiifanya hiyo hiyo ndani ya ploti, kompyuta dhahania yenye nywila ya majaribio inaonekana na kila nyumba, labda fundi aliyeweka swichi awe amezitenganisha. Na chukua mfano wa laptopu ya ofisini: kebo iko kwenye mtandao wa ofisi, kadi ya pili iko kwenye mtandao wa wageni, mtu anatengeneza daraja "ili printa ionekane." Ukuta wa usalama uliogharimu ofisi pesa nyingi umepewa mlango wa nyuma. Mafundi wa mitandao wanaijua hatari hiyo, ndiyo maana swichi nyingi za ofisini huweza kupangwa zifunge tundu lolote linalosikika likizungumza lugha ya madaraja. Ukiona tundu lako limekufa ghafla ofisini baada ya kutengeneza daraja, usiwalaumu. Wamefanya kazi yao.

Maoni yangu basi ni haya. Kuna watu wanaosema, "daraja ni la wataalamu, mtumiaji wa kawaida asiliguse." Nawapinga. Aliyeizima ploti nzima si mtumiaji wa kawaida, ni mimi, ninayelipwa kwa kazi ya kompyuta. Mimi nilijua amri. Sikuwa nimejiuliza maana yake. Kumkataza mtu kugusa hakumfundishi kitu. Kesho atabofya tu, kwa sababu kitufe kipo. Afadhali aambiwe kwa lugha yake kwamba kitufe hicho kinaamua nani anaishi na nani.

Na wanaotengeneza mifumo hii nao wana deni. Kifaa kinachoweza kuangusha mtandao wa watu wengine hakipaswi kuja na breki zimefunguliwa. Linux ingeweza kuiwasha kanuni ya Perlman kwa chaguo la kwanza, na anayejua anachofanya aizime. Watajibu kwamba sekunde 30 za kusubiri zinaudhi, na kwamba anayeendesha kompyuta dhahania peke yake haihitaji. Ni kweli. Lakini anayeudhika kwa sekunde 30 ni mwenye kompyuta. Mviringo ukitokea, anayelipa ni jirani.

Siku hizi, kabla ya kutengeneza daraja, najiuliza maswali matatu. Nawapa nanyi bure.

La kwanza: nataka vifaa hivi viishi pamoja, au nataka tu vipite kwangu kwenda intaneti? Kama ni kupita, kushiriki kunatosha. Na kama ni kupata tundu la ziada tu, nunua swichi ndogo ya matundu matano. Ningeinunua wakati ule wa likizo, kisa hiki kisingekuwepo.

La pili: nani mwingine yuko upande wa pili? Kwenye nyumba yenye ruta yako mwenyewe, ukikosea unaumia mwenyewe. Kwenye ploti, hosteli au ofisi, unakosea kwa niaba ya watu ambao hawakukutuma.

La tatu: nitalibomoa lini? Daraja halijioneshi. Halina taa, halina sauti. Linakaa pale baada ya haja kuisha, linangoja siku utakaposahau na kuchomeka waya. Langu lilikuwa la likizo moja, nami sikulibomoa likizo ilipokwisha.

Yule dada nilimweleza ukweli usiku ule ule. Ilikuwa rahisi kunyamaza, maana kila mtu kwenye ploti alikuwa tayari ameshamlaumu mwenye intaneti. Pesa za siku zake mbili nilimlipa. Alichopoteza kwa mteja wake, yaani ile sifa ya mtu asiyechelewesha kazi, sikuwa na uwezo wa kukirudisha. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo waya wa nyumbani kwako unaweza kunifungia mimi kazi?" Nikamjibu ndiyo, tuko kwenye kijiji kimoja.

Kebo ya chumbani nimeikunja, iko juu ya kabati pamoja na kompyuta ya mtoto. Daraja nimelifuta. Ukitaka kujua kama wewe nawe unalo lililosahaulika, kwenye Linux andika bridge link, na kwenye Windows fungua orodha ya miunganisho ya mtandao uangalie. Ukilikuta na hukumbuki ulilijengea nini, lifute kabla hujachomeka waya mwingine.

Haya, tuonane wakati mwingine.